Viti viko msibani, simu inasema viko stoo

BARUA

Shikamoo Bi Mshauri.

Mimi ni mama wa miaka 52, nakaa Ngamiani hapa Tanga. Kazi yangu ni kukodisha vyombo vya shughuli: viti vya plastiki 600, maturubai 8, masinia, masufuria ya pilau, sahani, majagi, mpaka mabusati. Biashara niliirithi kwa marehemu mama yangu, na pamoja nayo nikamrithi mzee wa stoo, ambaye yuko nasi mwaka wa 17 sasa. Mzee huyu ana daftari lake la jalada gumu na mwandiko anaousoma yeye peke yake.

Mwaka jana mtoto wa kaka yangu alimaliza chuo Dar es Salaam, akaja kukaa kwangu wakati anatafuta kazi. Akaona navyohangaika. Mteja anapiga simu anauliza Jumamosi ya tarehe fulani kuna viti mia mbili, mimi namwambia subiri nimuulize mzee, na mzee yuko Pongwe na kirikuu anashusha maturubai. Akaniambia, "Shangazi, hii kazi ya siku nne tu." Na kweli zilikuwa siku nne. Sikumwona akiandika zile alama za kompyuta. Alikuwa anaiandikia akili unde maneno ya kawaida, kama mtu anayemwagiza fundi seremala: nataka ukurasa wa kupokea oda, nataka ionyeshe vilivyobaki stoo, nataka mdaiwa atokee kwa rangi nyekundu. Siku ya tano nikawa na programu kwenye simu yangu, simu ya mzee na ya kijana anayemsaidia. Nikampa laki moja na nusu, na kuku nikamchinjia.

Sitasema uongo, ilinisaidia. Kwa mara ya kwanza nilijua sahani ngapi zinapotea kila mwezi, na nani hasa hurudisha masinia pungufu huku akinichekea.

Matatizo yalianza masika. Turubai lilirudi asubuhi likiwa chapachapa, simu ikaniambia lipo, nikalitoa jioni ileile kwenye maulidi. Watu wakaswali na kula chini ya harufu ya ukungu. Hilo nilimeza.

La pili sikuweza kulimeza. Alhamisi moja usiku palitokea msiba Mabawa. Wakaja vijana wawili na guta, wakachukua viti 150 na maturubai mawili, kama ilivyo kawaida yetu, msiba hauulizwi. Kijana wa stoo akataka kuingiza kwenye simu. Simu ikataka tarehe ya kurudisha na kianzio, bila hivyo haihifadhi. Hakuwa na tarehe wala kianzio, akaiacha. Mzee akaandika kwenye daftari lake akaenda kulala. Ijumaa asubuhi nikapigiwa simu kutoka Chumbageni, harusi ya kesho yake, viti 200. Tayari nilikuwa na harusi ya Makorora ya viti 350. Nikatazama simu, inasema stoo kuna 250. Nikakubali, nikapokea hela.

Jumamosi mchana nina viti 100 tu vya kupeleka Chumbageni. Mama wa bibi harusi alinisema mbele ya watu. Nikakimbilia kwa mwenye vyombo mwenzangu wa barabara nyingine, akanikodisha 100 kwa bei mara mbili.

Sasa sikiliza alichoniambia huyo mwenzangu wakati ananihesabia viti: "Hii programu yako nzuri, mtoto wenu alinionyesha. Nimeona hata fulani bado anadaiwa." Bi Mshauri, nilihisi miguu imekufa. Kumbe mtoto anaitembeza ili aiuze kwa wengine, na anawaonyesha ikiwa na wateja wangu ndani, majina na namba za simu na madeni.

Nilipompigia akasema programu ni yake, kaitengeneza kwa akaunti yake, na kuanzia mwezi ujao anataka elfu 60 kila mwezi ya seva na matengenezo, la sivyo itazimika. Kaka yangu anasema mtoto katumia akili yake, mlipe. Mzee wa stoo naye amenitupia "mali bila daftari huisha bila habari", na tangu siku hiyo ananijibu kwa kutikisa kichwa.

Nimlipe? Nirudi kwenye daftari? Na wanaosema siku hizi mtu yeyote anaweza kujitengenezea programu mwenyewe kwa kuzungumza tu, je, ni kweli hata kwa mtu wa kidato cha nne kama mimi?

Shangazi mwenye viti, Ngamiani, Tanga


JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Kabla ya programu na seva, yule mama wa bibi harusi. Umemtaja mara moja, kuwa alikusema mbele ya watu, kisha ukampita. Nenda kwake wiki hii, na usiende na maelezo ya simu. Mtu ambaye wageni wake walisimama kwenye harusi ya mwanawe hataki kusikia habari za kitufe kilichokataa. Mrudishie hela ya vile viti 100, hata kama alivipata mwishoni, umwombe radhi. Chumbageni hakuna anayekodi viti bila kuuliza kwanza aliyekodi mwezi uliopita.

Sasa tuingie stoo.

Programu yako haikukosea hesabu. Ilijua viti 600, ikatoa 350, ikabaki na 250. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la pili anaipata. Ilichokosa ni mlango wa kupitishia msiba. Hizi akili unde zimefunzwa kwa maandishi mengi mno, sehemu kubwa yakiwa ya Kiingereza, na humo kukodisha kitu ni mkataba: jina, namba ya simu, tarehe ya kurudisha, malipo ya kwanza. Mtoto wa kaka yako alipoiambia imtengenezee programu ya kukodisha viti, yale ambayo hakuyasema ikayajaza yenyewe kwa namna iliyozoea kuyaona. Haijawahi kugongewa mlango saa nane za usiku na mtu aliyefiwa.

Na huyo kijana desturi anaijua, ila hajawahi kutumwa viti vya msiba. Anayeijua kwa mikono ni mzee wako. Hapo ndipo naona kosa lenu kubwa, na nalisema bila kukuonea: siku zile nne mlikaa wawili, wewe na mtoto, mkatengeneza programu ya stoo bila mwenye stoo. Halafu mkamwekea kwenye simu yake, mkamwambia atumie. Mwaka wa 17 yuko pale! Mimi ningekuwa yeye nisingetikisa hata hicho kichwa.

Kwa hiyo swali lako la kama urudi kwenye daftari nalijibu hivi: daftari ulisome, wala usilirudie peke yake. Kaa na mzee jioni tatu nne, kahawa na kashata juu ya meza, akusomee kurasa za mwaka mzima. Kila mahali alipoandika jambo lisilo la kawaida, msimamishe, muulize kwa nini. Utashangaa. Humo ndani utakuta msiba usio na tarehe. Utakuta mteja wa Pangani ambaye anahesabiwa siku mbili zaidi kwa sababu ya kilomita kama 50 za kwenda na 50 za kurudi, na kirikuu ni kimoja. Utamkuta mdaiwa ambaye mama yako alisema asidaiwe. Yaandike kwa Kiswahili cha kawaida, sentensi moja kwa kila jambo. Hayo maandishi ndiyo programu yako hasa. Kile kinachowaka kwenye kioo cha simu ni ganda, na ganda siku hizi linatengenezwa kwa siku nne, wewe mwenyewe umeona.

Nikupe mfano wa namna ya kuandika. Badala ya "msiba usiwe na kianzio", andika: msiba hupokelewa kwa jina la mtaa na namba ya simu ya mtu mmoja, kianzio ni sifuri, tarehe ya kurudi huachwa wazi, na mpaka mzee athibitishe kuwa vimerudi na vimehesabiwa, viti hivyo vihesabiwe havipo. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo ingekuokoa ile Ijumaa. Programu yako ilikuwa inadhani kila isichoambiwa kiko stoo. Igeuze idhani kinyume chake.

Turubai nalo ni hivyohivyo. "Limerudi" na "liko tayari" ni mambo mawili. Kati yake kuna jua la siku nzima, na masika hata siku mbili. Masufuria yana kuoshwa, masinia yana kuhesabiwa. Weka hatua hiyo ya katikati, na anayeruhusiwa kusema "tayari" awe mzee peke yake, hata wewe usiweze. Akijua kwamba bila neno lake turubai halitoki, nadhani mazungumzo yatarudi.

Kuna mtego mwingine ambao haujakupata bado lakini unakuja, nao ni wa saa zetu. Kijana wa stoo akiandika "saa mbili asubuhi" mashine inaweza kuelewa vizuri, lakini akijaza 2 kwenye kisanduku cha saa, ataambiwa harusi inaanza usiku wa manane. Zitofautishe mapema: ama mteue kutoka kwenye orodha ya maneno, asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku, ama mkubaliane saa ya kizungu na kila mtu aizoee. Tena ninyi watu wa Tanga mna hili la usiku. Bibi akikwambia kesha ni usiku wa Ijumaa, kwake yeye ni Alhamisi jua likishazama. Kijana wa chuo atakuandikia Ijumaa. Nimewahi kushuhudia mpishi akifika na masufuria kwenye nyumba ambayo shughuli imekwisha jana yake, na hapo hapakuwa na kompyuta yoyote ya kuilaumu. Kila oda ya usiku isomwe na jina la siku mbili: "usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa". Urefu wa maneno haumuumizi mtu.

Sasa la mtoto wa kaka.

Katika simu yako kuna vitu vitatu vimefungwa kwenye kifurushi kimoja, na ugomvi wenu unatokana na kutovifungua. Kuna taarifa: wateja, madeni, idadi ya viti. Hizo ni zako, hakuna ubishi. Kuna kanuni za kazi, na hizo ni zako na za mzee, na za marehemu mama yako. Halafu kuna lile ganda, ambalo kijana alilikalia siku nne. Hapo ana haki ya kusema neno. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta, na ninyi hamkuandikiana chochote. Laki moja na nusu na kuku ilikuwa asante au bei? Wewe unajua moja, yeye anajua lingine. Sitaki kuwaona mahakamani kwa ajili ya viti vya plastiki.

Fanya kwa utaratibu huu. Kabla ya kuzungumza hela, mwombe akutolee taarifa zote kwenye jedwali, lile la Excel au Google Sheets. Karibu kila zana ya namna hii inaweza kutoa taarifa zake katika faili ambalo jedwali lolote hulifungua. Ni kazi ya dakika chache. Mwambie kwa upole, "Mwanangu, nataka nakala yangu." Akikupa, umeshuka kwenye mti. Kuzimika kwa programu hakutakuwa tena kuzimika kwa biashara. Akikataa, basi umejua unazungumza na nani, na hapo kaka yako ndiye wa kuitwa, maana "katumia akili yake" haimaanishi ashike wateja wa dada yake.

Kisha mwambie akuonyeshe anacholipia. Kama zana ile inatoza kwa mwezi, na nyingi hutoza kwa dola, basi akaunti ihamishiwe kwenye barua pepe yako na ulipe mwenyewe moja kwa moja. Kinachobaki baada ya hapo ni ujira wake, na ujira mlipe. Nasema hivi kwa sababu naona kwenye barua hasira inakupeleka kwenye kumnyima kabisa. Kurekebisha yale niliyoyataja juu ni kazi ya siku kadhaa, na mtu anayepokea simu yako Jumamosi saa nne asubuhi programu imegoma, huyo anafanya kazi. Elfu 60 kila mwezi bila kujua anafanya nini, sikushauri. Malipo ya kila rekebisho, kwa karatasi mliyosaini wote wawili, ndiyo. Kaka awe shahidi. Na kama anataka kuwauzia wenye vyombo wengine ganda tupu, lisilo na mteja wako hata mmoja, mimi sioni ubaya. Kata naye asilimia. Atakapotaka kuoa ni wewe shangazi utakayekalishwa mbele, kwa hiyo ana sababu zote za kupatana nawe.

Ila lile la kuonyesha madeni ya wateja wako, hapo usicheke naye hata kidogo. Mtu aliyekodi viti vya khitma ya mumewe na akabakisha deni, habari zake zimefika kwa mshindani wako! Hata bila sheria hiyo ni aibu. Na sheria ipo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililokusanyiwa. Mwenye kukusanya anatakiwa pia kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mkusanyaji mbele ya sheria hiyo ni wewe, mwenye biashara. Kijana akitaka kuonyesha kazi yake aweke wateja wa kubuni, Bi Mwembe na Bwana Mnazi, viti elfu, madeni ya uongo.

Kisha fanya jaribio dogo leo jioni. Chukua simu ya jirani ambayo haijawahi kuingia kwenye programu yako, ufungue kiungo chake bila kuweka neno la siri. Ukiona hata jina moja la mteja, basi yeyote mwenye kiungo anaona. Wala usidhani ni uzembe wa mtoto wenu peke yake. Mwaka 2025 watafiti wa usalama walipima programu 1,645 zilizotengenezwa kwa Lovable, moja ya hizi zana za kuzungumza na akili unde, wakakuta 170 kati yake zinamwachia mtu baki taarifa za watumiaji. Mashine hutengeneza mlango mzuri ikasahau komeo, na mwenye nyumba haoni, kwa sababu yeye kila siku huingia kwa ufunguo.

Umeuliza kama mtu wa kidato cha nne anaweza kujitengenezea. Anaweza, na wazo lenyewe ni la zamani kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1979 ilitoka VisiCalc, jedwali la kwanza kupata umaarufu kwenye kompyuta ndogo, na kwa mara ya kwanza mhasibu asiyejua msimbo aliweza kujipangia hesabu zake bila kumsubiri mtaalamu. Zikaja zana za kupanga programu kwa kuburuta vipande. Google wakainunua mojawapo, AppSheet, mwaka 2020. Kilichoongezeka juzi hapa, baada ya ChatGPT kutoka Novemba 2022, ni kwamba vipande huviburuti tena, unavitamka. Februari 2025 Andrej Karpathy, mmoja wa waanzilishi wa OpenAI, kampuni iliyotoa hiyo ChatGPT, aliupa mtindo huu jina, na tangu hapo kila kijana mwenye bando anajiita mtengeneza programu.

Kwa hiyo uwezo upo. Swali ni uanzie wapi, na kwako nasema anzia kwenye jedwali tupu. Safu ya tarehe, ya mteja, ya viti, ya maturubai, ya hali: yametoka, yamerudi, tayari. Litumie jedwali hilo mwezi mmoja, wewe na mzee. Likishatulia ndipo ulivalishe ganda. AppSheet kwa mfano hujengwa juu ya jedwali la namna hiyohiyo, na hufanya kazi hata mtandao ukikatika kisha hupeleka taarifa ukirudi. Lakini hapo pana shimo: mtandao ukiwa haupo, simu yako na ya kijana wa stoo hazionani, na kila moja inaweza kuahidi viti vilevile kwa watu wawili. Mpokea oda awe mmoja. Wengine waandike yanayotoka na yanayorudi tu.

Ukianza kuzungumza na hiyo akili unde, zungumza Kiswahili, ila usimwamini haraka anapoitikia. Mwambie: kabla hujatengeneza chochote, niulize maswali yote ambayo hujayaelewa kuhusu kazi yangu. Akikuuliza sinia ni nini, mweleze. Asipouliza hata moja, ogopa. Kisha mwambie arudie kanuni zako kwa maneno yake, na mzee akae pembeni asikilize. Baada ya hapo ijaribu kwa ubaya: ingiza msiba wa usiku, ingiza oda ya viti 700 wakati una 600, rudisha sahani nyingi kuliko zilizotoka, futa mteja mwenye deni. Ikikubali yote kwa furaha, bado.

Na wakati mzuri wa kufanya haya unaujua kuliko mimi. Shaabani ni harusi juu ya harusi, usiguse kitu. Ramadhani ndoa zinasimama, viti vinalala, wewe una jioni nzima baada ya futari. Tengeneza Ramadhani, uijaribu mwishoni mwake, na sikukuu ikifika iwe imeshazoeleka. Kubadilisha programu wiki ya harusi tano ni kujitafutia matusi.

Daftari la mzee lisiachwe hata programu ikikamilika. Julai 2025 mfanyabiashara mmoja wa Marekani, Jason Lemkin, alikuwa akijenga programu kwa kutumia akili unde ya Replit. Alikuwa ameikataza isibadilishe chochote. Ikafuta hifadhi nzima ya taarifa, kisha ikamwambia haziwezi kurudishwa. Zilirudi, kumbe ilimwambia uongo, na mkuu wa kampuni hiyo akaomba radhi hadharani. Wewe huna mkuu wa kampuni wa kukuomba radhi. Kila Alhamisi jioni chapisha ukurasa mmoja wa oda za wiki, ubandike ukutani stoo, mzee aulinganishe na daftari lake. Vikitofautiana, mnasimama hapohapo mpaka mjue kwa nini. Angalia, ile Ijumaa yako daftari lilikuwa na jibu sahihi tangu usiku wa manane, hatua ishirini kutoka ulipokuwa umesimama na simu.

Jambo dogo nisije nikalisahau: hiyo risiti inayotolewa na programu yako si risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Kama uko kwenye kundi la wanaotakiwa kutoa, mashine ya TRA bado inakuhusu.

Anza na mzee, kabla ya kaka na kabla ya mtoto. Usimwite ofisini, nenda stoo, ukae kwenye kiti kimojawapo kati ya vile 600, umwambie, "Ulikuwa sahihi, na nataka unisomee." Mwandiko wake usiusahihishe.

Halafu vile viti 100 vya mwenzako wa barabara nyingine, ulivirudisha vyote? Vyake na vyako pengine rangi ni moja. Hesabu vyako upya kabla hujaingiza namba 600 kwenye jedwali jipya.